Mama Atakaa kwa Nani

Jumamosi, mwanzo wa mwezi wa tatu. Asubuhi vumbi jekundu lilipita juu ya mji mpaka jua likaonekana kama limefunikwa shuka chafu. Mchana mawingu yakajikusanya upande wa Kongo, yakanguruma kidogo, yakaondoka bila kutupa tone.

Leo Mama amefika kutoka Koboko. Ninamwita Mama, lakini ni mama wa mume wangu. Naandika nikiwa nyumba ya juu, hapa Arua, na yeye yuko nyumba ya chini, kwa mke mwenzangu. Kikohozi chake kinapanda kupitia dirisha la jikoni. Tangu niolewe nimelala nikisikia kikohozi hicho nyuma ya ukuta wangu. Sasa kiko nyuma ya ukuta wa mtu mwingine.

Sijui kama nitaandika kwa haki. Shule niliachia darasa la sita, na mtu wa darasa la sita mwenye wivu anaweza kuandika jambo likaonekana kweli kwa sababu tu limeandikwa. Kwa hiyo nitajaribu kuonyesha upande wa pili wa kila jambo.

Koboko tulikaa katika uwanja mmoja, uwanja ulioachwa na baba wa mume wangu, ambaye alikuwa askari. Nyumba yangu ilikuwa kulia ukiingia, ya mwenzangu kushoto, na katikati jiko la kuni. Mama alikaa kwangu. Hiyo ndiyo desturi yetu, haikutungwa kwa ajili yangu: mama wa mume anakaa kwa mke mkubwa. Na pale alipo mama ndipo nyumba ilipo. Mgeni akiingia anasalimia hapo kwanza. Mume akirudi kazini, hata kama zamu ni ya mke mdogo, anavua viatu kwanza mlangoni kwa mama yake, anakula hapo, ndipo anavuka uwanja. Idi ikifika, sinia kubwa linatoka hapo. Msiba ukitokea, mikeka inatandikwa hapo. Mimi sina uzuri wa mwenzangu, wala kicheko chake, wala shule yake ya sekondari. Nilikuwa na Mama.

Nimpe mwenzangu haki yake. Hajawahi kunitukana. Nilipolazwa na malaria alifua nguo za watoto wangu bila kuambiwa na mtu. Ananiita Dada, na sijawahi kumsikia akilitamka neno hilo kwa dharau. Lakini yeye akicheka, mume wetu anageuka kumtazama. Mimi nikicheka, anauliza, "Nini?"

Kazi ya mume wetu ni kusimamia upakiaji wa malori yanayokwenda Sudan Kusini. Mwaka huu mwenye malori alihamishia stoo yake Arua, na mume wetu akachoka kurudi Koboko mwisho wa wiki tu. Siku moja alituita sote mbele ya Mama, akasema, "Sisi nahama. Tunatafuta nyumba mbili karibu-karibu. Mama atakuja mwisho, tukishatulia." Halafu akanielekea mimi. "Wewe ndiye mukubwa. Wewe utachagua kwanza."

Mama akaongeza, "Achague vizuri. Mimi nafuata mizigo yake."

Nilitembea siku ile kama nimepewa cheo. Ninaandika hivi ili ijulikane kwamba kila kitu kilikuwa mkononi mwangu.

Siku ya kutafuta tulikuja watatu kwa gari la kuazima, mimi mbele na mume, mwenzangu nyuma. Dalali alitungoja kituo cha mafuta, mwanamume mnene mwenye simu mbili, na zote mbili zilikuwa zinalia. Aliniita Hajati tangu salamu ya kwanza. Makka sijafika, hata Kampala nimefika mara chache, lakini sikumsahihisha.

Alianza na Pajulu, nje kidogo ya mji. Nyumba ya matofali mapya, uwanja mpana, shamba la karanga kando, na kimya ambacho mtu anaweza kulala ndani yake mchana. Niliipenda kabla sijafunga mlango wa gari. Nilianza hata kupima kwa macho mahali pa jiko. Ndipo mwenzangu akavua ndala, akakanyaga udongo, akasema, "Dada! Hapa kunde itaota mpaka tuchoke kula. Na jiko letu tunaweka pale, kama kwetu."

Alionyesha palepale nilipokuwa nimepima. Na alisema letu.

"Mbali," nikasema. "Msikiti iko mbali, soko iko mbali."

Mume wangu akanitazama. "Lakini sasa hivi ulikuwa unacheka peke yako."

"Nilikuwa nacheka kwa heshima ya dalali."

Ni kweli kwamba Pajulu ni mbali. Mtu yeyote atakuambia. Lakini sikukataa kwa sababu ya umbali, na ni mimi peke yangu niliyejua hivyo.

Kutoka pale tulikwenda Ediofe, karibu na kanisa kuu, kwenye safu ya nyumba zenye varanda ndogo. Shule za misheni ziko pale, watoto wangetembea tu asubuhi na kurudi kula mchana. Mume wangu alisikia kengele ikipigwa, akasema, "Eh, kengele itatuamsha, adhana itatuamsha. Tutalala saa ngapi?" Dalali alicheka sana, kicheko cha mtu anayetaka kulipwa. Mimi nilikuwa naelekea kukubali. Nilikuwa nawaza watoto, Mungu ni shahidi.

Halafu mwanamke aliyekuwa akipanga nyanya kando ya njia akapiga kelele. Kumbe alisoma na mwenzangu hapohapo Ediofe. Wakakumbatiana mpaka nyanya zikabingirika.

"Wewe! Bado uko hai? Na umenona hivi, Koboko inakulisha nini?"

"Inanipa nusu ya bwana!" mwenzangu akajibu, wakacheka wote wawili wakishikana mabega.

Mimi, mwenye ile nusu nyingine, nilisimama nimeshika mkoba wangu kwa mikono miwili. Yule mwanamke akaniona. "Na huyu ni nani? Mama yako?"

"Chunga mudomo," mwenzangu akasema. "Huyu ni dada yangu mukubwa."

Alinitetea, tena haraka. Nakiri hilo. Ila bado kulikuwa na kicheko kilichobaki kwenye mashavu yake, au pengine macho yangu ndiyo yaliyokiweka. Nikawaza: nikihamia hapa, kila nitakapokwenda kununua kitunguu nitakuwa mgeni katika mji wa mwenzangu. Watamjua yeye, na mimi nitajulikana kupitia kwake.

"Hapa pia hapana," nikasema. "Kengele."

Mume wangu aliacha mzaha. "Sisi nakuja kutafuta nyumba ama nakuja kukataa nyumba?"

Ndiyo tukaja huku mlimani, karibu na ofisi za serikali na zile nyumba za zamani za Wazungu zenye mabati mekundu. Nilipenda jambo moja kabla ya mengine yote: hakuna aliyepiga kelele kumwita mwenzangu. Wote wawili tulikuwa wageni sawasawa. Leo nikifikiri, mtaa mzima niliuchagua kwa sababu hiyo.

Jengo ni jipya, limepakwa rangi ya maziwa, na geti lake ni buluu. Nyumba mbili zilikuwa wazi. Ya chini ina uwanja mdogo nyuma, sehemu ya saruji ya kufulia, na banda la mabati la kuwekea sigiri ya makaa. Ya juu ina roshani. Kodi ilikuwa sawa, kwa hiyo bei haikunisaidia kuamua.

Ya chini niliiona kwanza. Ilikuwa na giza kidogo sebuleni, mengine yote yalikuwa mazuri. Mwenzangu alipita vyumba kimya, akafungua bomba, akafunga. Uso wake haukusema kitu. Tukapanda.

Huko juu alikwenda moja kwa moja kwenye roshani, akashika chuma. Mji wote ulikuwa chini yake: mabati, mnara wa msikiti, barabara ya kwenda Koboko ikipotea kwenye vumbi. Upepo ulimvuta ushungi ukampigapiga begani. Alisimama tu. Mume wetu akaenda akasimama karibu naye, akaonyesha kitu mbali, naye akatikisa kichwa kukubali. Walikuwa wamenipa migongo.

Sikuangalia vyumba. Niliangalia ile migongo miwili.

Dalali alikuwa nyuma yangu akisema maneno yake. "Hajati, huku juu makaa hapana, gesi tu. Mwenye nyumba hataki moshi kwa rangi. Na maji, mchana inachelewa kidogo kupanda." Nilimsikia kama unavyosikia redio ya jirani.

"Nachukua hii," nikasema.

Mume akageuka. "Ya juu? Umeangalia jikoni?"

"Nimeangalia."

"Umefikiri vizuri?"

"Wewe ulisema mimi nachagua. Nimechagua."

Nikamtafuta mwenzangu usoni. Nilitaka kuona kitu kikianguka pale. Aliachia chuma cha roshani, akafuta vumbi mikononi, akasema, "Sawa, Dada. Ya chini pia iko muzuri." Ndiyo hivyo tu. Nilirudi Koboko nimeshinda, na njiani nilikuwa namwangalia kwenye kioo cha gari nione kama anajua ameshindwa. Alikuwa amelala, mdomo wazi.

Mtu wa mji mkubwa akisoma hapa ameshaona kosa langu. Mimi sikuliona. Koboko kwetu nyumba zimekaa chini. Ya mume wangu, ya wazazi wangu, zahanati, msikiti, duka la kitenge, kote unaingia kwa kuvuka kizingiti. Nyonga ya Mama ni mbovu, hilo nalijua mimi kuliko mtu yeyote, kwa maana mimi ndiye ninayeichua na mafuta. Lakini uwanjani anatembea na fimbo yake haraka kuliko kuku anaowafukuza, na maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwomba apande kitu. Neno ngazi na neno Mama hayakuwa yamewahi kukutana kichwani mwangu. Wala kichwani mwa mume wangu, ambaye ni mwanawe wa kumzaa. Kama mwenzangu alikumbuka akanyamaza, sijui. Alisoma shule yenye ghorofa. Lakini naye pia ni mtu, anaweza kusahau, na siwezi kumshitaki kwa kitu nisichokiona.

Tulihamia kabla ya Mama. Siku za kwanza nilikaa kwenye roshani nikinywa chai kama mke wa mkuu wa wilaya. Halafu nikaanza kubeba maji kwa jerikeni, kwa sababu mchana kweli hayapandi. Harufu ya vitunguu vya mwenzangu ilikuja juu kila jioni kutoka kwenye sigiri yake, na mimi nilikuwa nawasha gesi kwa woga, nimefunga macho. Bado nilijiambia: Mama akija, mambo yatakaa sawa. Nilimwandalia chumba chenye upepo. Niliazima kwa shangazi yangu pazia la kijani.

Leo asubuhi gari likaingia getini pamoja na wapagazi wa kubeba mizigo. Mama alishuka na fimbo yake, birika, mkeka wake wa kuswalia, na kuku wawili ndani ya boksi la sabuni. Akabariki jengo. Akauliza, "Mulango wetu iko wapi?"

"Juu, Mama," nikasema.

"Juu ya nini?"

Nilimwonyesha ngazi. Akazitazama kwa muda, tangu chini mpaka zinapokunja kona. Nikaona jambo hilo likimfika, na likanifika mimi pia papo hapo. Alinipa fimbo, akashika ukuta, akatanguliza mguu mzima. Akapanda kidogo. Nyonga ikakataa. Akageuka polepole, akakaa pale kwenye ngazi kama mtu anayengoja zamu zahanati.

"Mimi iko mutu," akasema. "Huko analala njiwa."

Wapagazi wakacheka. Mume wangu akaanza kuchunguza viatu vyake.

"Nambie, mwanangu," Mama akaendelea, na hakuwa amekasirika, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Wewe ulitafuta nyumba, ama ulitafuta mahali pa kumuchungulia mwenzako kutoka juu ya kichwa?"

Wapagazi wakacheka tena. Ndipo mwenzangu akatokea mlangoni kwake na mikono yenye maji. Aliangalia ngazi, akamwangalia Mama, akaniangalia mimi.

"Dada, tubadilishane basi," akasema. "Leo hii. Vitanda si vizito, na watu wa kubeba wako hapa."

Alisema kwa sauti ndogo lakini wote walisikia. Nilimwona mume wetu akimtazama, na uso wake wote ukalegea kwa shukrani. Uso huo sijawahi kupewa mimi, au labda niliwahi na nilikuwa naangalia kwingine.

"Hapana," nikasema. "Hakuna haja."

Nimejaribu tangu asubuhi kueleza ile hapana. Ningekubali, ningempata Mama, lakini ningempata kama zawadi kutoka mikononi mwa mwenzangu, mbele ya wapagazi. Kila Idi, kila mgeni, kila mara mume anapovua viatu mlangoni kwangu, mwenzangu angejua nani alinipa. Sikuweza. Ilinitoka kabla sijaipima.

"Basi mimi nakaa wapi?" Mama akauliza. "Hapa kwa ngazi?"

Mwenzangu akafuta mikono kwenye kitenge chake, akaja, akamshika kwapani kama ambavyo mimi humshika. "Njoo, Mama. Kwanza upumuzike." Birika likafuata, mkeka ukafuata, kuku wakafuata. Mimi nilibaki nimeshika fimbo, mpaka mtoto wangu mdogo akatumwa kuja kuichukua.

Mchana niliswali, na katikati ya sala masikio yangu yalikuwa chini. Baada ya hapo wakaja wageni wetu wa kwanza hapa Arua, mabibi watatu wa msikitini waliosikia kuna mama wa Koboko amehamia. Nilikuwa nimepanga vikombe kwenye sinia tangu alfajiri, na biskuti nimezitoa kwenye pakiti. Niliwasikia wakiuliza, "Kwa Mama ni wapi?" na mlinzi wa geti akawajibu, "Hapo chini." Walicheka huko ndani karibu mpaka alasiri. Mama alikuwa anasimulia habari ya ngazi.

Biskuti nilizirudisha kwenye pakiti. Kisha nikashuka.

Mwenzangu alikuwa nyuma, kwenye banda, anachambua majani ya kunde karibu na sigiri. Nikasimama. Alinisogezea kigoda kwa mguu lakini sikukaa.

"Ile maneno ya asubuhi," nikasema. "Ya kubadilishana. Bado iko?"

Hakuinua uso. "Asubuhi ilikuwa iko, Dada."

"Na sasa?"

"Sasa Mama analala kwa kitanda yangu." Akachambua majani mengine kadhaa. Halafu maneno yakamtoka yote kwa pamoja, bila kicheko. "Wewe unajua mimi nilikuwa nasikia nini huko Koboko? Mama anakupigia hadithi, nyinyi nacheka, mimi iko upande ile nyingine na mutoto mugonjwa. Bwana anaingia kwako na njaa, kwangu anafika ameshashiba. Chakula yangu miaka yote nilikuwa napatia kuku."

Sikujua. Nasema kweli, sikujua. Nilidhani katika uwanja ule mwenye wivu ni mimi tu.

"Asubuhi ningekupa, haki ya Mungu," akasema. "Lakini usiniombe tena."

Nilitaka kumhurumia na nilimhurumia, kwa muda kama wa kuvuta pumzi. Kisha nikasikia Mama akikohoa ndani, kwenye kitanda kile, na wivu ukarudi ukakaa mahali pake. Lakini siwezi kusema ameniibia. Alitoa mbele ya watu, nikakataa mbele ya watu. Hata kadhi angeniambia niende nyumbani.

Nikakaa kwenye kigoda. Nikachukua fungu la kunde, nikaanza kuchambua, kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono. Akasogeza beseni katikati.

Mama akaita kutoka ndani, "Chumvi kidogo tu! Damu yangu inapanda!"

Jioni zote za ndoa yangu ameniitia mimi maneno hayo. Nikafungua mdomo kuitika. Mwenzangu akaitika kwanza.

Tulikula chini, nyumba zote mbili, kwenye mkeka wa sebule yake. Mume wetu aliketi mkono wa kulia wa mama yake. Zamu ya leo ni yangu, lakini alivua viatu pale. Kulikuwa na ugali wa muhogo na mtama, kunde za karanga, na samaki wakavu wa angara kutoka mto Nile, waliolowekwa wakalainika. Mimi ningepunguza karanga. Lakini kunde zilikuwa zimeiva vizuri, chumvi ilikuwa sawa, na Mama aliomba aongezewe.